Mlinzi Asiyevuka Mstari

Elsby, Iowa
9 Septemba 1979

Mdogo wangu wa pekee Twyla,

Kabla sijasema lolote: u mzima? Unakula? Wanakulaza vizuri huko bwenini? Sisi huku hatujambo kabisa, na nikiandika "sisi" nacheka peke yangu jikoni, kwa sababu sisi sasa ni mimi na Duane! Anayekuandikia ni Bi. Folkerts, kwa hiyo usinizoee.

Twyla, ndoa ni tamu, asikudanganye mtu. Asubuhi Duane anatoka kulisha nguruwe, nami namsikia akipiga mluzi huko zizini, na ninajua kabisa mluzi ule ni wangu, si wa nguruwe. Anarudi ananuka vilevile unavyojua, na bado namkumbatia mlangoni. Sasa hapo ujue dada yako nimekwisha. Nimeshona mapazia ya jikoni, ya manjano. Duane kasema ni kama jua limeingia ndani. Nikamwambia lakini yamepinda. Akasema, "Jua nalo limepinda, ni vile tu hakuna mtu anayeliangalia sana." Mwanamume wa kujibu hivyo utampata wapi?

Majirani wamekwisha kuja kutugongea masufuria, kama ilivyo desturi kwa maharusi. Tulikuwa ndio tumeketi tule, mara vishindo nje: vifuniko, ndoo, kengele za ng'ombe, na mzee Dirksen na honi ya trekta lake. "Tokeni nje! Mnafanya nini humo, mnapukuchua mahindi?" Ikabidi tufungue mlango na kuwapa kahawa na keki hadi sukari ikaisha ndani. Mzee Dirksen akauliza, "Na yule mlinzi wetu yuko wapi? Angekuwepo yeye mlangoni, tusingeingia hata mmoja."

Kila mtu anakuulizia. Hakuna msichana wa Elsby aliyewahi kuitwa na chuo kwa ajili ya mpira wa kikapu. Mimi niliyekuwa mshambuliaji, niliyetiwa gazetini kila wiki, hakuna aliyeniita. Umeitwa wewe, mlinzi, ambaye hukuwahi kurusha mpira kikapuni hata mara moja kwenye mechi! Duane ananiambia huko Illinois wasichana wanacheza watano, si sita kama sisi (watatu wa kufunga upande huu, watatu wa kulinda upande ule), na hakuna aliyekatazwa kuvuka mstari wa katikati. Eti walinzi wanakimbia uwanja mzima na wanarusha vilevile. Nikamwambia, huo si mchezo, hao ni ng'ombe waliovunja uzio.

Lakini wewe utawaweza. Moyo wangu umejaa, Twyla. Mimi nina Duane, wewe una chuo. Tuombe nini tena?

Dada yako anayekupenda,
Marlys


Chuo cha Wexley, Illinois
7 Oktoba 1979

Dada Marlys (Bi. Folkerts, samahani),

Salamu nyingi kwako na kwa Shemeji. Nimefurahi kusikia nyumba yenu ina kicheko. Mimi afya ninayo, ni miguu tu inayouma. Mwambie Mama soksi zimefika, na mikate ya mdalasini ilifika pia, ila wenzangu waliimaliza kabla sijaweka mkoba chini.

Dada, nina shida, na sijui nianzie wapi.

Siku ya kwanza ya mazoezi nilimpokonya mpira msichana aitwaye Ladonna Pettiford. Anatoka East St. Louis, ndiye mlinzi wa kwanza wa timu, na wanasema hakuna aliyewahi kumpokonya. Nikadunda mara mbili, kama sheria yetu ya huko nyumbani inavyosema. Nikafika mstari wa katikati. Nikasimama.

Nilisimama tu, nimeushika mpira, natafuta mshambuliaji wa kumpa upande wa pili. Kisha Ladonna akasema, "Wee, kuna treni inapita hapo?"

Walicheka mpaka wengine wakaketi sakafuni. Tangu siku ile naitwa Mahindi. "Mahindi, treni imepita, vuka!" Ladonna hana ubaya, ndivyo alivyo, hata kocha anamtania. Lakini mimi silali.

Kocha Imhoff, anayetuita kwa majina ya ukoo, aliniita pembeni. Akaniambia, "Tjaden, ule mstari ni rangi tu." Najua ni rangi! Miguu yangu ndiyo haijui. Unakumbuka Baba alivyotuchorea mstari kwenye sakafu ya juu ya banda la majani, kwa rangi nyekundu iliyobaki ya trekta? Wewe upande wa kikapu, mimi upande wa ngazi. Kila nilipokanyaga alisema, "Faulo, Twyla," bila hata kuinua macho kwenye kazi yake. Nilikuwa mtoto mdogo. Alitaka tujue mchezo vizuri, na tuliujua.

Na kurusha, dada! Nikirusha, mpira unatoka kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo. Wewe ulijuaje kurusha? Nani alikufundisha? Mimi nakumbuka tu kwamba wewe ulirusha na mimi nilidaka uliyokosa.

Mdogo wako,
Twyla


Elsby
20 Oktoba 1979

Twyla mpenzi,

Hujambo, kipenzi? Huku ni mavuno na vumbi tupu, lakini vumbi hili nalo nalipenda! Nampelekea Duane chakula shambani, tunakula tumekaa nyuma ya pikapu, miguu inaning'inia. Jana alinivua kiatu akamwaga punje za mahindi zilizoingia, akanivisha tena. Nilitaka kulia. Mama anasema hata Baba alikuwa hivyo zamani. Nimekataa kuamini.

Kuhusu kurusha, usijitie hofu! Ni rahisi sana: angalia ukingo wa mbele wa ringi, kunja goti, achia. Mpira unajua njia. Na mstari uvuke tu, nani atakukamata? Utaona, Krismasi ikifika utakuwa umesahau kama uliwahi kusimama.

Nakimbia, mkate umo motoni.

Dada yako mwenye furaha,
Marlys


Chuo cha Wexley
2 Desemba 1979

Dada,

Natumaini hamjambo. Mimi sijambo kwa mwili.

Jana tulicheza mechi ya kwanza hapa nyumbani. Watu walijaa. Kocha aliniingiza kipindi cha pili ili nimkabe mshambuliaji wao aliyekuwa anatuchinja. Nikamkaba. Hakufunga tena, nakuapia. Watu wakaanza kuuliza, huyu ni nani? Kwa muda kidogo nilijiona niko Des Moines tena kwenye mashindano ya jimbo, mimi na mtu wangu mmoja, sina deni lingine.

Kisha nikampokonya mpira. Mbele yangu hakuna mtu, uwanja mtupu hadi kikapuni, hata mtoto angeweza. Nikakimbia. Nikafika mstari. Marlys, nilisimama.

Nilisikia watu wote wakivuta pumzi, kisha wakacheka. Si kicheko kibaya, ni kile cha kumcheka mbuzi aliyeingia kanisani. Kocha wa wale wengine akapiga kelele, "Mwacheni huyo, hana sumu!" Na kweli wakaniacha. Bila mpira mkononi navuka vizuri, lakini kila tulipokwenda kushambulia hakuna aliyenikaba. Yule wa kunikaba alikwenda kumsaidia mwenzake dhidi ya Ladonna, kwa hiyo Ladonna akawa anapambana na wawili. Mimi nilikuwa nimesimama peke yangu kama mti wa simu. Wananipa mpira, narudisha. Wananipa, narudisha. Tulishindwa.

Leo Kocha Imhoff ameniita ofisini. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema, "Nilikuona Des Moines ukiwazima wasichana watatu, mmoja baada ya mwingine. Nikajiambia, kurusha mtu yeyote anaweza kufundishwa. Huenda nilikosea. Ukiwa uwanjani tunakuwa wanne dhidi ya watano." Halafu akasema kwamba nisipofunga hata kikapu kimoja kwenye mechi kabla msimu haujaisha, mwakani nafasi yangu na ufadhili wangu wa masomo vitakwenda kwa msichana mwingine. Ameshampata, yuko Peoria.

Kikapu kimoja tu, dada. Wewe ulivifunga vingapi kwa jioni moja, huku unatafuna ubani?

Bila ufadhili ninarudi nyumbani, na unajua kilichopo nyumbani kwa msichana asiye na mume wala shamba: kile kiwanda cha kuchinja batamzinga. Sikuambii ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Twyla


Elsby
6 Desemba 1979

Twyla wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye sanduku la posta, kwenye theluji, bila koti. Duane alinifuata na koti. Nisamehe ile barua yangu ya "mpira unajua njia". Mpira haujui kitu.

Nimempa Duane barua akasoma. Akavaa buti akatoka. Nikasikia nyundo. Ametundika kikapu kwenye banda la mashine, amesogeza trekta na kila kitu ukutani, na amefagia sakafu mpaka inang'aa. Akarudi, pua nyekundu, akasema, "Mwambie aje. Kule hakuna mstari." Unaona nilivyoolewa?

Njoo Krismasi. Usiende banda la Baba, njoo kwetu. Nitakukaba mimi.

Dada yako,
Marlys


Stendi ya mabasi, Wexley
16 Januari 1980

Dada Marlys,

Hamjambo? Naandika juu ya goti, mwandiko utanisamehe.

Nataka kwanza nikushukuru kwa Krismasi. Sijawahi kucheka vile. Wewe hujui kukaba hata kuku, Marlys! Ulikuwa unanikimbilia umefumba macho, mikono juu, unapiga kelele "Nakuja! Nakuja!" na Duane juu ya trekta anagonga ndoo. Uliniambia, "Kumbe kukaba ni kazi, nami miaka yote nilidhani mlikuwa mnasubiri tu." Nilirusha na ukaingia. Tena ukaingia. Niliondoka kwenu nikiamini.

Mechi ya kwanza ya mwaka wakaniacha peke yangu kama kawaida. Ladonna akanipa mpira. Hapakuwa na mtu karibu yangu. Niliangalia ukingo wa mbele, nikakunja goti, nikaachia. Mpira haukugusa ringi, dada. Haukugusa ubao. Ulipita hewani, ukamwangukia mpiga tarumbeta wa bendi ya chuo. Kila nilipogusa mpira baada ya hapo watu walijifunika vichwa, kwa mzaha. Kocha akaniketisha, na tangu siku hiyo sijasimama. Mechi baada ya mechi nimekaa mwisho wa benchi, nagawa taulo.

Siwezi tena. Chakula hakipiti. Darasani mwalimu anasema, nami naona mstari. Nikimfikiria Baba anasikiliza matokeo redioni na kungoja jina langu, natamani ardhi ipasuke.

Nimefungasha. Basi ni la saa tisa mchana, kesho jioni nitakuwa Elsby. Barua hii labda nitaitangulia, na kama ni hivyo itupe motoni bila kuisoma. Usimwambie Baba mpaka nifike. Nitamwambia mwenyewe kwamba ile picha yangu aitoe ukutani.

Mdogo wako,
Twyla


Elsby
22 Januari 1980

Twyla,

Barua yako imefika. Wewe hujafika.

Uko wapi? Nimeipata jana. Nimehesabu kwa vidole, nikahesabu tena: ulipaswa kushuka hapa siku kadhaa zilizopita. Tulikwenda stendi jana jioni, mimi na Duane, tukasubiri ndani ya pikapu hadi basi lilipofika. Alishuka mama mmoja na mtungi wa maziwa. Basi. Nikamuuliza dereva kama amemwona msichana mrefu, nywele za kahawia, anatembea kama anakaba mtu. Akasema, "Dada, mimi naangalia barabara."

Nimepiga simu bwenini kwenu. Msichana akapokea, akaenda kugonga chumbani, akarudi: "Hayupo." Hayupo wapi? Kakata. Kabla sijapiga tena, mvua ya barafu ikaangusha nguzo zote kuanzia hapa hadi mjini, na simu imekufa.

Leo tumekwenda tena stendi, na kesho tutakwenda. Mama na Baba sijawaambia. Nakaa nao mezani natabasamu, na mashavu yananiuma kwa tabasamu hilo.

Kama uko hai niandikie neno moja. Si lazima salamu.

Marlys


Elsby
1 Februari 1980

Twyla,

Sijui kama ninamwandikia mtu.

Barabara bado ni kioo. Duane alijaribu kuondoka jana aje huko kukutafuta, pikapu likaingia mtaroni kabla ya lango la Dirksen. Akarudi kwa miguu. Alikaa jikoni chini ya mapazia yangu ya manjano, barafu inamyeyuka nyusini, akasema, "Nisamehe, Marlys." Anisamehe yeye! Nimemshika mikono tukakaa hivyo hivyo. Nilidhani ndoa ni mluzi asubuhi. Kumbe ni hii pia.

Mama amejua. Alinitazama tu nikiosha sahani, akasema, "Ni Twyla, sivyo?" Baba amesikia. Amevaa kofia akatoka.

Tafadhali.

Dada yako


Chuo cha Wexley
9 Februari 1980

Dada yangu, Shemeji, Mama, Baba, wote,

Niko hai. Niko Wexley. Nisameheni. Barua zako mbili nimezipokea siku moja leo asubuhi, barafu ilizishika njiani, na nimezisoma nikiwa nimekaa sakafuni. Nilipiga simu Elsby mara nyingi, laini imekufa. Lakini nilipaswa kuandika, na sikuandika, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuwaambia narudi, na sikujua bado kama nimebaki au nimeahirisha tu kurudi. Nikasema nitaandika nikijua. Mtu akiwa chini hafikirii wanaomngoja.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Basi lilikwishafika, mkoba wangu umo tumboni mwake, na mimi niko kwenye foleni. Nikasikia mtu anadunda mpira ndani ya stendi. Ladonna! Katoka mazoezini kama alivyo, kaptula, magoti meupe kwa baridi.

"Mahindi, unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Kufanya nini? Kuotesha?"

Nikamwambia aniache, sina utani. Akasema, "Nami sina. Sikuja hapa kwa kukupenda, ujue hivyo. Nimekuja kwa faida yangu. Tangu uje wewe unikabe mazoezini, kwenye mechi hakuna anayeniweza. Wote naona wanatembea. Ukiondoka nani atanikaba? Yule wa Peoria? Mimi nina ndoto zangu na wewe unataka kupanda nazo basi?"

Dereva akauliza, "Mnaingia au hamwingii?" Ladonna akamwambia, "Mzee, huyu akiona mstari anasimama. Chora mmoja hapo mlangoni uone." Watu wote kwenye foleni wakacheka, na mimi, Marlys, nikacheka. Nilicheka huku nalia, pua inatoka. Kisha akanigeukia na uso mwingine kabisa, akasema polepole, "Mkoba wako uko wapi?"

Sasa kila alfajiri tuko ukumbini, yeye na mimi. Ananitukana hadi nirushe. Lakini nisikudanganye: bado sijafunga. Kocha bado hajaniingiza. Wakati mwingine nadhani amenisahau. Zimebaki mechi chache, na ya mwisho ni tarehe mosi Machi. Naziona zinaisha kama mtu anavyoona mshumaa.

Msije. Nakuomba, dada. Nikishindwa, sitaki mkae pale mnione.

Mdogo wako,
Twyla


Elsby
17 Februari 1980

Twyla, mtu mbaya wewe,

U mzima! Ungekuwa karibu ningekuchapa kwa mwiko, kisha ningekubusu, kisha ningekuchapa tena. Duane aliposoma "niko hai" alinibeba akazunguka nami jikoni mpaka tukaangusha kiti. Kisha nikaenda chumbani nikalia. Mwambie huyo Ladonna kwamba kuna mwanamke Elsby anayemwombea kila usiku, atake asitake, na mikate ya mdalasini inakuja na yeye ndiye aigawe.

Tutafanya ulivyosema. Hatutakuja. Imenichoma, lakini hatutakuja.

Sasa sikiliza hili. Juzi nilikwenda kwa Mama kuchukua mayai. Nikauliza Baba yuko wapi. Mama akasema yuko banda la majani tangu siku ile aliposikia umepotea, kila akimaliza kukamua anapanda huko, na akiulizwa anasema anakwangua matope. Matope gani juu ya majani? Nikapanda ngazi kimya. Alikuwa amepiga magoti, Twyla, na kile kikwaruzo cha kwato, anakwangua ule mstari. Rangi ya trekta ile haitoki kirahisi. Alikuwa amefika nusu. Magoti yake unayajua yalivyo. Hakugeuka. Alisema tu, "Nilidhani nawafundisha vizuri." Nami nikachukua bisibisi nikaanzia upande wa pili. Tulikutana katikati.

Saa ile ya mechi, mimi nitakuwa banda la mashine. Redio yetu husoma matokeo tu, mechi yenyewe ya Illinois haifiki huku. Kwa hiyo Duane atarusha, na unajua Duane anavyorusha, Mungu amsaidie, na mimi nitadaka anayokosa, nitadaka mpaka mechi iishe. Nataka kujua ulikuwa unafanya kazi gani miaka yote ile mimi nikiandikwa gazetini.

Vuka, mdogo wangu. Vuka tu. Yatakayokuja yaje.

Dada yako, sasa na siku zote,
Marlys


Chuo cha Wexley
2 Machi 1980

Dada,

Leo salamu zenu ziko mwishoni, sina subira.

Hatukushinda. Nakuambia mapema ili usisome moyo ukienda mbio.

Mechi ya mwisho ilikuwa jana. Kipindi cha kwanza nimekaa. Kipindi cha pili kikaanza, bado nimekaa. Niliangalia saa ya ukutani na nikaanza kufikiria harufu ya kile kiwanda, kweli, niliisikia puani. Kisha Ladonna akapata faulo ya tano, akatolewa. Alikuja benchini analia kwa hasira, akanitupia taulo usoni. "Inuka, Mahindi. Treni imepita."

Kocha aliangalia benchi kama mtu anavyoangalia kabati lisilo na kitu. "Tjaden. Mkabe yule mrefu. Mengine yote yaache."

Nikamkaba. Hilo nalijua. Na wao wakaniacha upande wa pili, kama siku zote, kocha wao hata hakuangalia, alipunga mkono tu: huyo mwacheni. Tulikuwa nyuma, dakika zinayoyoma, na watazamaji wa viti vya juu walikwishaanza kuvaa makoti. Yule mrefu akaudunda mpira mbele yangu kwa dharau. Nikauchukua, kama unavyotoa yai chini ya kuku.

Nikakimbia. Na Marlys, hakuna aliyenifuata. Hata mmoja! Wote walikuwa wameisikia habari yangu. Walijua nitasimama. Niligeuza jicho nikawaona wanatembea, mikono kiunoni, wanangoja.

Mstari wa hapa ni mweusi. Mimi niliuona mwekundu. Kisha nikamwona Baba amepiga magoti. Ningeweza kuuruka, lakini sikuuruka. Niliukanyaga kwa mguu mzima, na hakuna aliyesema faulo.

Nikafika kikapuni, nikarusha. Mpira ukagonga ubao ukarudi.

Hapo ndipo nilipojua kitu. Miaka yote ile wewe ulirusha, mimi nilidaka. Hakuna mtu duniani aliyedaka mipira mingi iliyokosa kuliko mimi. Haujagusa sakafu, nimeshaushika. Nikarusha tena. Ukazunguka ringi, ukatoka. Nikadaka. Sasa nikasikia viatu vyao vinalia nyuma yangu, wameshtuka, wanakuja mbio wote watano. Wangenifuata tangu mwanzo nisingepata hata mtupo wa pili. Nikarusha mara ya tatu.

Haukuingia vizuri. Uliingia kama mlevi anavyoingia kwake, akigonga kila mlango. Lakini uliingia.

Baada ya mechi Kocha Imhoff alinisimamisha mlangoni mwa chumba cha kuvalia. Uso wake mgumu vilevile. "Tjaden, mitupo mitatu kwa kikapu kimoja. Ningekuwa na moyo dhaifu, ungeniua."

"Samahani, Kocha."

"Mwakani nataka kwa mtupo mmoja."

Akaenda zake. Ladonna akauliza, "Kasemaje? Wee, kasemaje?" Nilisimama pale nikirudia lile neno moja, mwakani, mwakani, mpaka akanimwagia maji ya kunywa kichwani.

Mwambie Shemeji asikishushe kikapu. Juni nakuja, na utanikaba macho wazi safari hii. Mbusu Mama.

Baba mwambie niliukanyaga.

Mdogo wako,
Twyla